Kwa Mujibu wa Mfumo, Hakuna Aliyebaki Chini

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Bugarama.

Nimeanza kuandika shajara hii kwa sababu mambo makubwa yanakuja na ni vizuri yapate shahidi. Mimi ni Athanas, karani wa mgodi mdogo wa Mzee Maige. Si ule mgodi mkubwa wenye uzio na taa. Wetu una duara moja, yaani shimo refu la kushukia, winchi, karasha za kusagia mawe, na kontena linaloitwa ofisi. Meza yangu iko kati ya mifuko ya saruji na ndoo za grisi. Nina stashahada ya kompyuta. Hakuna anayeuliza.

Leo Mzee ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo watakuja wageni kutoka Mwanza. Wanafikiria kuweka mtaji. Wanataka kuona mgodi wa kisasa. Akasema atakayewaonyesha jambo la kisasa atakuwa Meneja wa Mifumo, na atapewa chumba chenye mlango. Herman akakohoa. Herman ni mpwa wa Mzee, anashughulikia umeme na pampu, na amesomea kompyuta Dodoma. Kikohozi kile nakijua.

Nimeshajua nitafanya nini. Kila siku alasiri vijana wakipanda kutoka chini, dada yetu Euphrasia husimama kwenye mdomo wa duara na kuita majina, mmoja mmoja. Kila mtu lazima aitike kwa sauti yake mwenyewe. Huwezi kumwitikia mwenzio, hata kama unamwona pale anakunywa maji. Wakishaitika wote ndipo Edson, fundi baruti, anaunganisha waya na kulipua mwamba wa kesho. Asiyeitika yuko chini, na aliye chini baruti zikilipuka, ndugu zake hawapati hata cha kuzika. Hilo linaeleweka. Lakini kuitana kwenyewe! Watu wanataniana, mmoja yuko chooni, mwingine kakasirika anataka aitwe kwa heshima. Jua linazama tunaitana.

Skripti, yaani programu fupi ya kompyuta, itafanya kazi hiyo kufumba na kufumbua. Mlango wangu naufikiria wa mninga.

Jumanne, 5 Agosti.

Kazi ya kwanza ni kuchagua lugha. Watu wa nje hudhani kompyuta ina lugha moja. Zipo nyingi, na kila moja ina watu wake na majivuno yake. PHP nilifundishwa chuoni, lakini PHP ni ya kurasa za mtandao, na duara si ukurasa. JavaScript ni lugha ya Herman, kwa hiyo imejiondoa yenyewe. Nimechagua Python. Inasomeka. Mistari michache inafanya kazi ya siku nzima. Mwezi uliopita niliitumia kubadilisha majina ya picha zote za karasha kwa mkupuo. Tangu hapo hatujaiona picha hata moja, lakini majina yalibadilika kweli.

Herman alipita akachungulia. Akasema JavaScript ingefanya kazi kwenye simu ya kila mtu bila kusakinisha chochote. Nikamjibu kwamba katika JavaScript ukichukua moja iliyoandikwa kama neno ukaijumlisha na moja ya kawaida, unapata kumi na moja, na lugha ya namna hiyo haiwezi kukabidhiwa roho za watu. Akasema Python nayo inagoma kazi nzima kwa sababu ya nafasi moja tupu mwanzoni mwa mstari. Nikasema hiyo ni nidhamu. Akaondoka anatabasamu.

Baada ya chakula skripti iligoma. Sababu ilikuwa nafasi moja tupu mwanzoni mwa mstari. Niliitafuta mpaka macho yakauma.

Jumatano, 6 Agosti.

Mfumo umekamilika. Ni hivi. Kijana akishuka, Euphrasia anamwandikisha kwenye simu ya ofisi: jina lake, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Akipanda, anamwandikisha tena. Skripti inachukua orodha ya walioshuka, inaondoa waliopanda. Kama hakuna aliyebaki, inatuma meseji kwa Mzee na kwa Edson: SALAMA. Edson analipua. Hakuna kelele, hakuna mtu kusubiriwa kutoka chooni.

Nilimwonyesha Euphrasia. Akaniuliza mtu asipoitika kompyuta inafanyaje. Nikamweleza kwamba kompyuta haihitaji kuitikiwa. Akasema haya. Ile haya ya kuvuta, ambayo wanawake wa kwetu wanaitumia wakiona mtu anapanda ngazi mbovu. Sikuijali.

Alhamisi, 7 Agosti.

Jaribio la kwanza. Naandika kwa uchungu.

Vijana walipanda wote. Skripti ikaonyesha nusu ya mgodi iko chini. Edson akavua glovu. Mzee akapiga king'ora cha dharura. Kamba zikashushwa, watu wakarudi chini na tochi, wake za watu wakaanza kukusanyika barabarani wakiwa wameshika vichwa. Kumbe chini hakuna mtu.

Nimegundua sababu. Huku kwetu mtu ana jina la nyumbani na jina la ubatizo, na yote ni yake. Asubuhi anasema hili, alasiri anasema lile, kutegemea aliyesimama mbele yake na alivyoamka. Kijana mmoja alishuka akiwa Maduhu na kupanda akiwa Davis. Mfumo ukaona Maduhu yuko chini, na Davis amepanda bila kushuka. Yeye mwenyewe aliposikia kuna mtu hajapanda alifunga kamba kiunoni akawa wa kwanza kurudi chini kumtafuta. Alijitafuta kwa bidii sana. Alipopanda tena alikuwa analia kwamba hajampata.

Mzee Maige hakunikaripia. Alinitazama tu, akaniambia niende nyumbani. Herman alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Wakulima wamepumzika. Mwamba haupumziki, lakini Mzee alitupa nusu siku. Nimeitumia kufikiri.

Mama Blessing, mke wangu, alikuwa anapepeta mchele uani. Akaniuliza kwa nini nisimwachie Euphrasia aendelee kuita majina kama alivyokuwa anaita. Nikamweleza maana ya maendeleo kwa kirefu. Akaendelea kupepeta.

Na hapo hapo, nikiwa namtazama, likanijia. Jina la kwanza ndilo takataka! Mtu anabadilisha jina la kwanza kama shati. Lakini jina la baba habadilishi. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki. Namba ya simu ni ileile. Kwa hiyo nimelitupa jina la kwanza. Sasa katika mfumo wangu mtu ni jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na simu. Vikifanana vyote vitatu, huyo ni mtu yuleyule amejiandikisha mara mbili, na skripti inamfuta wa pili. Katika Python hilo ni jambo la mstari mmoja. Katika lugha ya Herman ningekuwa bado natafuta mabano.

Nilifurahi nikampigia simu Herman nimweleze, halafu nikakata kabla hajapokea.

Jumapili, 10 Agosti.

Aibu, lakini si ya mfumo mkuu.

Nilikuwa na skripti nyingine ndogo, ya pembeni, ambayo sijamwambia mtu. Kila siku asubuhi na mapema inamtumia Mzee meseji kutoka kwenye laptopu ya ofisini: Shikamoo Mzee, nimeshafika kazini, naendelea na mfumo. Imenisaidia sana wiki hii, hasa nikiwa bado nimelala. Nilisahau kuiambia kuhusu Jumapili.

Leo umeme ulikatika alfajiri, ukarudi wakati wa mahubiri, na laptopu ikakumbuka wajibu wake. Mimi nilikuwa kanisani, benchi la nyuma ya Mzee Maige. Simu yake ikalia. Akavaa miwani. Akasoma. Akageuka taratibu akanitazama, akageuka tena mbele. Wakati wa kutakiana amani alinipa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi.

Skripti hiyo nimeizima. Kosa lilikuwa la shirika la umeme.

Jumatatu, 11 Agosti.

Ushindi. Namshukuru Mungu.

Vijana walishuka, wakapanda, na kabla wa mwisho hajavua buti meseji ikaingia: SALAMA, HAKUNA ALIYEBAKI CHINI. Kwa tahadhari Mzee alimwambia Euphrasia aite majina vilevile, kulinganisha. Akaita. Wote wakaitika. Maduhu aliitika mara mbili, kwa majina yote mawili, kwa sababu sasa anaogopa.

Mzee alinishika bega. Akasema kuanzia kesho kuitana kukome. Hataki wageni wakute watu wazima wanaitwa kama watoto wa darasa la kwanza. Euphrasia akamjibu kwa adabu kwamba kaka yake mwenyewe aliokolewa na kuitwa jina hivi hivi, kwenye maduara ya Geita, miaka ile. Mzee akasema anamwelewa, lakini dunia inabadilika. Maneno hayo nilimfundisha mimi.

Sikuona raha kama nilivyotegemea. Nilipomwomba namba za siri za simu ya ofisi, Euphrasia hakuzitamka, aliziandika kwenye kiganja chake, akanionyesha, akaenda kunawa.

Jumatano, 13 Agosti.

Herman amefika na toleo lake. JavaScript. Lina rangi! Kijani kwa aliyepanda, nyekundu kwa aliye chini, na picha ndogo ya kofia ya chuma inayocheza. Wajinga hupenda rangi. Vijana walikusanyika kwenye simu yake kama kwenye mechi. Ila lake halijawa tayari, linamtaka kila mtu apigwe picha ya uso, na nusu ya vijana hawataki kupigwa picha kwa sababu zao wenyewe.

Nilikwenda kwa Mzee na laptopu. Nikamwonyesha kwa macho yake jinsi JavaScript inavyojumlisha moja na moja kuwa kumi na moja. Akatazama sana. Akauliza ni nani atakayekuwa anajumlisha hivyo. Nikasema ndiyo hatari yenyewe, hatujui. Akasema basi twende na la Athanas.

Jioni Herman alinifuata kwenye kontena, bila utani safari hii. Akaniomba aisome skripti yangu. Nikaifunga laptopu. Akaniuliza mtu namtambuaje. Nikamwambia kwa jina la baba, tarehe na simu. Akauliza vipi Kulwa na Doto.

Kulwa na Doto Nkwabi ni mapacha, wanachimba hapa. Baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa, na wana simu moja wanayoachiana, kwa sababu mmoja yuko zamu ya asubuhi na mwingine zamu ya mchana. Nikamjibu Herman kwamba wanapishana mlangoni, kila zamu ina orodha yake, hawajawahi kuwa kwenye orodha moja hata siku moja, na ukitunga programu kwa ajili ya mambo yasiyotokea hutamaliza. Akasema yasiyotokea ndiyo yanayoua watu. Nikamwambia aseme tu kwamba anataka chumba chenye mlango. Akaondoka.

Wivu ni ugonjwa. Namwombea.

Alhamisi, 14 Agosti.

Maandalizi. Turubai limefungwa, viti vimekodiwa, soda zimewekwa kwenye barafu. Mama Blessing amenipigia pasi shati la bluu. Mzee amenunua kofia mpya za chuma za manjano, na anataka wageni waone nguvu kazi ya kutosha, kwa hiyo kesho zamu zote mbili zitashuka pamoja. Jambo zuri. Orodha ndefu itaonyesha vizuri uwezo wa Python.

Ijumaa, 15 Agosti.

Naandika polepole.

Wageni walikuja wanne, mmoja wao mama mwenye miwani ambaye ndiye aliyeuliza maswali yote. Nilimweleza kwa nini Python na si nyingine. Aliitikia kwa kichwa. Vijana walishuka na kofia zao mpya, wanapendeza. Alasiri wakaanza kupanda, makundi kwa makundi, kwa winchi. Euphrasia akawaandikisha kwenye simu bila kuinua macho. Kundi la mwisho likatoka. Mimi nikabonyeza.

SALAMA, HAKUNA ALIYEBAKI CHINI.

Ilikuwa haraka kiasi kwamba yule mama aliniomba nirudie. Nikarudia. SALAMA tena. Wageni wakapiga makofi. Mzee akatabasamu, na mimi sijawahi kumwona Mzee akitabasamu na meno. Edson akatandaza waya kwenda kwenye betri. King'ora cha kutahadharisha kabla ya kulipua kikalia mara ya kwanza.

Kulwa alikuwa amekaa kwenye jiwe anakung'uta buti. Akainua kichwa. Akatazama huku na huku. Akaja kwangu moja kwa moja, hakwenda kwa Mzee wala kwa Edson, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta.

"Kaka Athanas, simamisha. Doto hajapanda."

Nilijua. Nadhani nilijua kabla hajafunga mdomo. Lakini wageni walikuwa wanatazama na mfumo ulikuwa umeshasema. Nikamwonyesha kioo cha laptopu. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Nkwabi mmoja ameshuka na Nkwabi mmoja amepanda.

"Tulishuka wawili," akasema.

Na hapa naandika kwa sababu shajara ni lazima iwe ya kweli. Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa mfumo hakuna mwingine. Nikamuuliza kama ana hakika kwamba yeye si Doto.

Hakukasirika. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu mwenye homa. Akavaa kofia yake, akaenda kwenye mdomo wa duara, akashika ngazi, akaanza kushuka. King'ora kikalia mara ya pili. Edson alikuwa na ncha ya waya mkononi. Aliona kofia ya manjano inazama, akaitupa ile ncha mbali, akaipiga teke betri ikaanguka.

Euphrasia aliweka simu ya ofisi chini, kwenye vumbi, akasogea mpaka ukingoni. Akaita. "Doto Nkwabi!" Pampu ilikuwa inanguruma. Herman alikimbia akaizima. Akaita tena. Kimya. Nilisikia barafu inavyoyeyuka kwenye ndoo ya soda, tone kwa tone, na sikuweza kuangalia upande wowote.

Kisha sauti ikatoka chini, mbali. Watu wakashangilia. Euphrasia akainua mkono. Ilikuwa ya Kulwa. Alikuwa anasema amemwona, yuko kwenye tawi la pembeni, anakaza matimba yanayoshikilia paa, hakusikia kitu kwa sababu ya pampu, ni mzima.

"Si wewe niliyekuita," Euphrasia akamjibu. "Nimemwita Doto."

Akaita mara nyingine, jina na jina la baba, taratibu, kama siku zote. Na tukasubiri. Mzee Maige alikuwa amevua kofia. Ndipo ikaja sauti nyingine, inayofanana na ya kwanza lakini siyo, nyembamba kidogo. Ikasema nipo, dada.

Hapo ndipo akashusha mkono.

Doto alipotoka juu alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliona umati, wageni, Mzee kichwa wazi. Akadhani ametukosea adabu kwa kuchelewa. Akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwadila." Kulwa, aliyekuwa nyuma yake kwenye ngazi, ndiye aliyejibu.

Wageni waliondoka bila kunywa soda. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia mpaka shati la bluu likalowa. Niliogopa sana. Bado naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti.

Sikwenda kazini. Mama Blessing ameniletea uji, akarudi uani. Ningependa angenigombeza.

Nikifumba macho naona ile kofia inazama.

Jumatatu, 18 Agosti.

Mzee Maige ametoa uamuzi. Kuitana kumerudi. Kompyuta isionekane tena karibu na mdomo wa duara. Hakuna Meneja wa Mifumo. Mimi nimehamishiwa stoo, kwenye kamba na dizeli. Herman ameombwa na Mzee aandike kilichotokea. Ameandika kwa upole, hakutia chumvi, na kwa sababu hiyo nimemchukia zaidi.

Nilikwenda kwa Euphrasia kumwomba radhi. Akasema yeye si wa kuombwa. Akanionyesha kwa kidevu walipokaa Kulwa na Doto, wanakula muhogo. Nikaenda. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kabla sijayatoa, Doto akanisogezea nafasi nikae. Akanipa kipande cha muhogo. Akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, jambo moja tu.

"Kaka, kwenye kompyuta, sasa nimo?"

Nikamwambia atakuwemo. Akashukuru.

Jumatano, 20 Agosti.

Nimekaa stoo siku mbili. Kuna utulivu mkubwa huko, na mtu akiwa na utulivu anaona mambo.

Nimeona kwamba tumekuwa na haraka ya kulaumu. Herman anasema kosa ni ule mstari wa kufuta anayefanana. Lakini mstari ule ni nani aliyeukubali? Python. Niliuandika na Python haikuuliza hata mara moja. Haikusema, Athanas, una hakika? Ilikubali tu. Ni lugha ya upole mno. Upole wa namna hiyo ndio uliotufikisha pale. Watu hawapendi kusikia, lakini chanzo cha yote ni uchaguzi wa lugha.

Kwa hiyo nimeanza kujifunza Rust. Hiyo ni lugha! Inakataa kila kitu. Nimeandika mistari michache tangu jana na imekataa yote, kwa maelezo marefu. Najisikia salama.

Jumapili, 24 Agosti.

Leo Rust imekubali. Inafanya kazi ileile, kwa kasi kubwa zaidi. Sheria za kumtambua mtu nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu zilishafanyiwa majaribio na zilikuwa sahihi kwa watu wote isipokuwa mmoja. Nimeongeza mstari mmoja tu: anayeitwa Kulwa au Doto asifutwe. Tatizo la mapacha limekwisha. Nimemwita Mama Blessing aone. Akaniuliza watu wa mgodini watakubali. Nikamwambia hawa wa hapa hawastahili.

Alasiri alinipigia simu Mama Agnetha. Ana maduara upande wa Geita. Alisikia kwamba mgodini kwa Mzee Maige kulikuwa na mfumo wa kompyuta unaotoa jibu hata kabla vijana hawajavua buti, na hakusikia zaidi ya hapo. Anasumbuka na kuitana kila jioni. Ananiita niende, na chumba kipo, na kina mlango.

Nilimwuliza mambo ya kitaalamu, kama inavyotakiwa. Akaniambia vijana wake wengi ni ndugu, wametoka nyumba moja moja huko vijijini, wamekuja kwa makundi. Simu wanachangia. Na tarehe za kuzaliwa hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo wote wameandika tarehe moja Januari, na mwaka wamekisia. Akauliza kama hilo lina shida kwenye kompyuta.

Nimemwambia hakuna shida kabisa, hayo ndiyo mazingira mazuri. Orodha itakuwa fupi, na baruti hazitachelewa. Tunaanza Jumatatu.